Kobe, komwe na barabara za Ngamiani: mwongozo wa kumfundisha anayeanza kuandika programu

Masomo mengi ya kompyuta mitaani kwetu huanzia mahali pabaya. Siku ya kwanza mwanafunzi ananakili kutoka ubaoni maana ya kompyuta, sehemu zake na vizazi vyake. Zamu ya programu ikifika, anaandikishwa mistari asiyoielewa, nayo inamletea neno moja jeupe kwenye skrini nyeusi. Akipatia hajui amepatia nini, na akikosea hajui pa kuanzia kutafuta. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuanzia kwingine: mwalimu wa tuisheni, kijana aliyemaliza chuo mwenye kompyuta mpakato mbili tatu, au mzazi anayekaa sebuleni na watoto wake na wa jirani. Nimeuandika nikiwa na Tanga akilini, na watoto wa kuanzia darasa la tano hivi hadi vijana wa sekondari. Watu wazima nao huanza vivyo hivyo, ila wao wanaona haya zaidi.

Njia yenyewe ni kumweka mwanafunzi ndani ya ulimwengu mdogo unaoonekana kwa macho: kiumbe mmoja, kama kobe anayechora kwenye skrini, uwanja wake, na amri chache za kumwendesha. Akitoa amri anaona matokeo papo hapo, tena anaona yametofautiana vipi na alichokusudia. Hapo ndipo penye somo. Kwa hiyo shika kanuni moja kuliko zote: mwanafunzi aseme kitakachotokea kabla hakijatokea. "Kobe ataishia wapi? Akiishia hapo atakuwa anatazama wapi?" Akishajibu ndipo abonyeze. Ukiiacha kanuni hii utapata watoto wanaochora picha za kupendeza, na kuandika programu hawajui.

Kwanza, mashine

Hapa sitakaa sana. Unahitaji kompyuta moja kwa watoto wawili, si zaidi ya hapo, wala usitamani kila mmoja awe na yake. Wawili wanabishana, na kubishana huko ndiko kunakowafanya waseme wanachofikiri. Mmoja ashike kibodi, mwenzake ashike karatasi ya mpango, na wabadilishane kila zoezi. Lisimamie hilo wewe mwenyewe, maana ukiwaachia, mvulana mwenye kompyuta kwao ataing'ang'ania kibodi hadi mwisho wa kipindi na wenzake watabaki watazamaji.

Programu za kupakua ni mbili, Python, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, na Scratch, ambayo amri zake ni vipande vya kuunganisha, na zote ni za bure. Zipakue mara moja mahali penye intaneti nzuri, uzitie kwenye fleshi, kisha uzisakinishe mashine moja baada ya nyingine bila kugusa bando. Zikishaingia hazihitaji mtandao. Mashine za mtumba zenye Windows 7 zinaishia Python 3.8, kwa hiyo usihangaike na matoleo mapya zaidi. Scratch ya sasa nayo inataka Windows 10 na kuendelea; kwenye mashine kuukuu weka Scratch 1.4, ambayo ni ya zamani lakini inatosha. Ukitumia Ubuntu, hakikisha umeongeza vifurushi vya python3-tk na IDLE, dirisha la kuandikia na kuendeshea programu za Python, la sivyo kobe hatatokea. Umeme nao una mambo yake, basi wazoeze watoto kuhifadhi kazi kila wanapobadilisha mstari.

Ratiba ni muhimu kuliko mashine. Mtoto wa Tanga anatoka shule, ana chuo cha Kurani, ana kisima au duka la nyumbani. Chagua saa ambayo haigombani na hayo, uwaambie wazazi mapema, na kipindi kisizidi saa moja na nusu.

Hatua ya kwanza: roboti uwanjani, kompyuta zimefungwa

Vipindi viwili vya mwanzo usiwashe chochote. Chukua chaki kama una sakafu ya saruji, au kijiti kama una mchanga, uchore mistari sita ya kulala na sita ya kusimama. Ngamiani, hapa mjini Tanga, tuna bahati, kwa sababu barabara zetu zina namba, na mtoto wa huko ukimuuliza anakaa wapi atakujibu kwa namba bila kuwaza. Mistari ya kulala iite Barabara ya 1 hadi ya 6, ya kusimama iite vichochoro A hadi F. Penye njia panda kadhaa weka komwe za bao, moja moja au zaidi.

Sasa mmoja awe roboti. Roboti anajua maneno manne tu: songa, geuka kushoto, okota, weka. Songa ni kwenda njia panda moja mbele. Geuka kushoto ni robo ya mzunguko, pale pale aliposimama. Hajui neno jingine lolote, hata "rudi", hata "nenda kwa mwenzako".

Mpe kazi: umesimama Barabara ya 1, kichochoro A, unatazama B. Komwe iko Barabara ya 3, kichochoro C, na namba za barabara zinapanda kuelekea kushoto kwako. Wanafunzi waandike programu kwenye karatasi, mstari kwa mstari:

songa
songa
geuka kushoto
songa
songa
okota

Kisha mwingine kabisa aisome kwa sauti, na roboti atii. Hapo utaona tabia ambayo lazima uikate mapema: roboti anamwonea huruma mwandishi. Karatasi imesahau "okota", naye anainama kuokota kwa sababu komwe anaiona. Karatasi inasema songa mara tatu, naye anasimama baada ya mbili. Mzuie. Mwambie afunge macho ikibidi. Kompyuta haina huruma ya namna hiyo, na mtoto asiyelielewa hilo uwanjani atalia nalo kwenye skrini miezi mizima. Karatasi ikikosea, roboti aende aendako, hata akigonga ukuta, na watoto wacheke. Halafu mwandishi achukue karatasi yake, aweke kidole kwenye mstari wenye kosa, na arekebishe huo peke yake. Usimruhusu kuchana karatasi na kuanza upya, maana hiyo ni njia ya kulikwepa kosa.

Watakuuliza: mwalimu, mbona roboti hajui kulia? Waache wahangaike. Baada ya muda mmoja atagundua kwamba geuka kushoto mara tatu ndiko kulia. Hapo waambie kila wakichoka kuandika mistari ileile mitatu wanaweza kumfundisha roboti neno jipya, "geuka kulia", na waandike maana yake juu ya karatasi mara moja tu. Mtoto aliyefanya hivyo ameshajifunza jambo ambalo vitabu vingi vinaliweka sura ya tano au ya sita, naye amelijifunza kwa uchovu wake mwenyewe.

Mchezo huu si wangu. Richard Pattis aliubuni alipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 1981 akautolea kitabu kuhusu roboti aitwaye Karel, jina la heshima kwa Karel Čapek, Mcheki ambaye tamthilia yake ndiyo iliyoleta neno roboti duniani. Karel naye anaishi kwenye mji wa barabara zinazokatana zenye namba, anageuka kushoto tu, na anaokota na kuweka vitu. Ukisoma maelezo yake ukiwa umekaa Ngamiani unadhani jamaa alipita hapa.

Kipindi cha pili ongeza maneno mawili: kama, na rudia mpaka. "Kama kuna komwe, okota." "Rudia songa mpaka mbele kuwe na ukuta." Ukuta ni mtoto aliyesimama na mikono ameipanua. Msogeze ukuta bila kuwaambia waandishi. Programu iliyoandikwa songa, songa, songa, songa itaharibika. Iliyoandikwa rudia mpaka itafika palepale ukuta ulipo. Usiwape hotuba. Sogeza ukuta tena, mara ya pili na ya tatu, hadi wenyewe waseme ipi ni bora.

Hatua ya pili: kobe kwenye skrini

Washa mashine sasa. Kiumbe ni kobe anayetembea huku ameshika kalamu, na anapopita pabaki mstari. Asili yake ni lugha ya Logo, iliyotengenezwa mwaka 1967 huko Marekani na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, na kabla ya kwenda Marekani alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtaalamu wa namna watoto wanavyofikiri. Kobe wao wa mwanzo alikuwa mashine ya kweli, ikitambaa sakafuni na kalamu tumboni. Hoja ya Papert ilikuwa kwamba mtoto tayari anajua kutembea na kugeuka, basi jiometri imjie kupitia mwili wake.

Python inakuja na kobe huyo ndani yake. Kabla wanafunzi hawajafika, fungua IDLE, andika faili lifuatalo na ulihifadhi kwa jina kobe.py:

from turtle import *
shape("turtle")
mbele = forward
nyuma = backward
kulia = right
kushoto = left
inua = penup
shusha = pendown
rangi = color
kasi = speed
andika = write

Angalizo la lazima: kamwe usilipe faili lolote jina turtle.py. Python italisoma hilo lako badala ya lile lake, na kila kitu kitakufa kwa ujumbe usioeleweka. Mwanafunzi mmoja akilihifadhi hivyo kwenye folda ya pamoja, darasa zima linasimama.

Mwanafunzi anafungua faili jipya katika folda hiyohiyo, anaandika mstari mmoja wa juu, kisha amri zake:

from kobe import *
mbele(100)
kulia(90)
mbele(100)

Anabonyeza F5 na kobe anatembea. Kobe huanza katikati ya dirisha akitazama mkono wa kulia wa skrini. Wapo watakaoniambia namchelewesha mtoto kwa kumpa amri za Kiswahili wakati Python ya kazini ni ya Kiingereza. Siafiki. Wiki za mwanzo tatizo lake ni mpangilio wa mawazo, na ukimwongezea msamiati wa kigeni hutajua amekwama kwenye lipi. Baadaye atabadilisha mbele kuwa forward kwa dakika moja, wala hatalia.

Mraba wataumaliza haraka. Jambo linaanza kwenye pembetatu yenye pande sawa, na hapo usiwe na haraka.

Kila darasa lina mtoto aliyeshika hesabu vizuri. Atasema, "Pembe zake ni sitini, mwalimu, tumesoma." Mwulize kobe ataishia wapi, atajibu kwa uhakika kwamba atarudi alipoanzia. Ataandika mbele(100) na kulia(60) mara tatu. Kobe ataenda, atageuka kidogo, ataenda, atageuka kidogo tena, ataenda, na umbo litabaki wazi, mdomo umeachama. Mtoto ataitazama skrini, atahesabu mistari yake, ataibonyeza F5 mara ya pili kana kwamba mashine imesikia vibaya. Wenzake wataanza kumwambia ongeza, punguza. Wanyamazishe. Wewe nawe usiseme mia na ishirini hata kama inakuwasha ulimini.

Mwambie asimame. Chora pembetatu sakafuni kwa chaki, aitembee mwenyewe. Akifika kwenye kona ya kwanza msimamishe: "Unatazama wapi?" Anatazama mbele, ukutani, nje kabisa ya pembetatu. "Geuka hadi utazame upande unaofuata." Atageuka, na mwili wake utapita robo ya mzunguko. Ataona kwamba sitini ni uwazi ulio ndani ya umbo, na alichogeuka yeye ni kile kilichobaki hadi 180. Atarudi kwenye kibodi aandike 120 bila kuambiwa na mtu. Nikilazimishwa kuchagua zoezi moja tu la mwongozo huu, ningechagua hili.

Baada ya hapo watengeneze jedwali: mraba, pande 4, mgeuko 90, pembetatu, pande 3, mgeuko 120. Ile programu iliyoshindikana, ya 60, waiendeleze hadi mistari sita waone inazaa nini. Zidisha pande kwa mgeuko na kila mara unapata 360, kwa sababu kobe aliyelizunguka umbo akarudi kutazama alikokuwa akitazama amegeuka mzunguko mmoja kamili. Sasa waulize pembetano kabla ya kuandika chochote. Watakaogawa 360 kwa 5 na kupata 72 wameelewa. Wenye kiu wape nyota ya ncha tano: pande 5, mgeuko 144. Hiyo inaleta 720, na waache wajue wenyewe kwa nini.

Hatua ya tatu: kurudia

Mraba wao una mistari minane, nao wameshaichoka. Wape hii, yaani rudia mara nne:

for i in range(4):
    mbele(100)
    kulia(90)

Ile nafasi ya kushoto ndiyo inayomwambia Python nini kinarudiwa. Wasogeze mstari wa kulia(90) uende nje, wabashiri, wabonyeze. Kobe atakwenda moja kwa moja hatua 400 na kugeuka mara moja tu mwishoni. Wakishaona hivyo, nafasi ya kushoto haitawasumbua tena. Kisha duara: rudia mara 360, mbele(1), kulia(1). Waambie kasi(0) ndiyo ya haraka kuliko zote. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo. 1 ndiyo ya polepole, na sifuri inamaanisha kobe haonyeshi hatua zake.

Hatua ya nne: neno jipya, na bao

Hapa ndipo uwanja na skrini vinakutana. Lile "geuka kulia" la kwenye karatasi sasa linaandikwa kwa def, neno la Python la kuanzishia amri mpya. Maumbo ya vitabuni yamewatosha. Wape kitu cha nyumbani chenye marudio ndani ya marudio. Bao letu linafaa ajabu: safu 4 za mashimo 8, jumla 32.

def shimo():
    for i in range(36):
        mbele(3)
        kulia(10)

def safu():
    for i in range(8):
        shimo()
        inua()
        mbele(40)
        shusha()

def bao():
    for i in range(4):
        safu()
        inua()
        nyuma(320)
        kulia(90)
        mbele(40)
        kushoto(90)
        shusha()

kasi(0)
inua()
nyuma(160)
shusha()
bao()

Usiwape programu nzima kama nilivyoiweka hapa. Hii ni yako, uijue. Wao waanze na shimo moja. Likiwa sawa, safu. Safu ikiwa sawa, ndipo bao. Watoto wengi wanataka kuandika yote kwa mkupuo, na wakifanya hivyo kosa moja linajificha ndani ya mistari ishirini. Watasahau nyuma(320), na safu zao zitashuka ngazi kwa ngazi hadi nje ya dirisha. Watasahau inua(), na mashimo yatafungwa kamba. Makosa yote mawili ni mazuri kwa sababu picha yenyewe inakuonyesha ni mstari gani umekosekana. Mwulize mtoto, "Kamba hii imetoka wapi?" Akusimulie safari ya kobe huku kidole cha mkono mmoja kiko kwenye programu na cha mwingine kwenye skrini.

Na zile namba 40 na 320? Mwambie aachanishe mashimo, nafasi iwe mara mbili. Atabadilisha moja, atasahau nyingine, bao litapinda. Akishakasirika kidogo mwonyeshe kwamba namba inaweza kupewa jina:

nafasi = 40

kisha mbele(nafasi) na nyuma(nafasi * 8). Sasa anabadilisha mahali pamoja tu. Nimeona walimu wakianza na somo hili siku ya kwanza, "kisanduku cha kuwekea namba", na mtoto anaitikia ndiyo mwalimu bila kujua kisanduku hicho kina kazi gani.

Wasichana wengi, na wavulana wachache wasiokubali kusema, hupenda zaidi khanga. Pindo pande nne, mji katikati, jina chini. Pindo ni umbo dogo linalorudiwa hadi kona, kugeuka, na kuendelea. Ni zoezi gumu kuliko bao kwa sababu ya zile kona. Jina la khanga wanaliandika kwa andika("Haba na haba hujaza kibaba") au lolote wanalolitaka. Majina hayo yasome kwanza kabla hayajafika kwa wazazi.

Scratch inaingia wapi

Kwa walio chini ya miaka kumi, au ambao kibodi bado inawapa tabu, anza na Scratch mara tu baada ya uwanjani. Ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick huko MIT, chuo kikuu cha Marekani, nasaba ileile ya Papert. Amri ni vipande vya rangi vinavyoshikamana, kwa hiyo hakuna kukosea tahajia, na kwenye sehemu ya lugha unaweza kuchagua Kiswahili. Kwa wakubwa naileta baada ya bao, kwa sababu ina kitu ambacho kobe hana: mambo mengi yanatokea kwa wakati mmoja. Ngalawa inakwenda kwa vitufe vya mishale, samaki anaogelea peke yake, na wakigusana alama inaongezeka. Jukwaa lake lina upana wa 480 na kimo cha 360, sifuri ikiwa katikati, kwa hiyo x inakwenda kutoka -240 hadi 240 na y kutoka -180 hadi 180. Namba hasi, ambazo darasani ni mateso, hapa ni upande wa kushoto wa bahari.

Hatari yake ni mapambo. Mtoto atamvisha paka kofia kipindi kizima. Mpe dakika kumi za kuvisha, baada ya hapo nguo zifungwe.

Ipo pia Hedy, iliyoanzishwa mwaka 2020 na Felienne Hermans wa Uholanzi, ambayo inaongeza kanuni za lugha ngazi kwa ngazi hadi mwanafunzi anajikuta anaandika Python. Ni nzuri kwa mwenye intaneti ya uhakika.

Kusoma makosa

Ujumbe wa kosa ukitokea, watoto wengi wanaufunga haraka kama wameona jambo la aibu. Wafundishe kusoma mstari wa mwisho kwanza. NameError maana yake umetaja jina lisilojulikana, na karibu kila mara ni tahajia au herufi kubwa: Mbele si mbele. Ujumbe wenye neno indent ni ile nafasi ya kushoto. SyntaxError mara nyingi ni mabano yasiyofungwa au nukta mbili zilizosahaulika, na kosa lenyewe linaweza kuwa mstari mmoja juu ya ule ulioonyeshwa. Hayo matatu yanawatosha kwa muda mrefu. Na piga marufuku sentensi "kompyuta imekataa". Aseme: nilitaka hivi, imefanya hivi.

Kupima

Mtihani wa maana na tafsiri usiutoe. Mpe programu iliyochapwa kwenye karatasi, achore atakachochora kobe, bila mashine. Mpe picha, aandike programu. Mpe programu yenye kosa moja, alitafute. La tatu ndilo linalokuambia ukweli, kwa sababu anayekariri hawezi kulifanya.

Kumwacha kobe

Siku moja mtu atauliza kama programu ni kuchora tu. Hapo yuko tayari. Programu ya kwanza isiyo na kobe iwe na jambo analolijua kuliko kompyuta, na langu ni saa. Simu yake inaonyesha 15:00, bibi yake anasema saa tisa. Tuandike programu ya kubadilisha saa za bibi ziwe za simu:

saa = int(input("Saa ngapi? "))
wakati = input("Mchana au usiku? ")
if wakati == "mchana":
    print(saa + 6)
else:
    print(saa + 18)

Saa mbili mchana inatoa 8, saa tisa mchana inatoa 15, saa moja usiku inatoa 19. Watashangilia. Waambie wajaribu saa zote kumi na mbili, mchana na usiku, na waandike majibu kwenye karatasi wakiyalinganisha na simu. Saa sita usiku itawapa 24, na saa kumi alfajiri, wakati mwadhini bado hajaamka, itawapa 28. Usiwaambie cha kufanya. Wanalijua neno "kama" tangu uwanjani.